Mabaka kwenye majani ya uani: maswali ninayoulizwa sana Mtwara na Lindi

Kazi yangu ni bustani. Naanzia Shangani na Ligula, nafika Mikindani, na mara mojamoja naitwa Lindi mjini. Zamani nilikuwa mpulizaji wa mikorosho, na pumzi ya salfa bado naikumbuka kooni. Kila mvua zikishika, simu inaanza kuita: "Fundi, majani yangu yameingiwa na fangasi mpya, njoo na dawa." Majibu ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Ninaposema majani nina maana ya nyasi za kupandwa uani: ukoka, paspalamu, zoisia, zile za kapeti zenye jani pana, na nyasi za Pemba.

Majani yamefanya mabaka ya njano ghafla. Si ni fangasi hiyo?

Huenda ni fangasi, huenda siyo. Kabla ya kuilaumu fangasi, jiulize nani mwingine kapita hapo. Mbwa akikojoa, katikati panakufa na pembeni panabaki duara la kijani kilichokolea, kwa sababu mkojo ukiwa mwingi unaunguza na ukiwa kidogo unakuwa mbolea. Petroli ikidondoka mashine inapojazwa, inaacha doa lenye mpaka mkali kama limekatwa kwa mkasi. Kisu cha mashine kikiwa butu, kinachana ncha za majani badala ya kuzikata, na siku mbili baadaye uwanja mzima unaonekana mweupe-mweupe ukiutazama kwa mbali. Viwavi wao wanakula usiku. Wape maji yenye sabuni: vijiko viwili vya sabuni ya vyombo kwenye lita nne, mwaga kwenye eneo la mita moja ya mraba, kisha subiri dakika kumi. Kama wapo, watapanda juu wenyewe.

Hapa pwani kuna na mengine mawili: chumvi, ikiwa kisima chako kiko karibu na bahari, na minyoo midogo ya mizizi isiyoonekana kwa macho, ambayo mchanga wetu inaupenda. Ya chumvi huonekana sana kiangazi na hupungua mvua zikiosha udongo. Ya minyoo utaihisi ukichimba: mizizi mifupi, myeusi, kama mswaki uliokwisha.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni bomba la dawa. Bomba limebeba dawa ya kuua magugu shambani, halikuoshwa, kesho yake likajazwa mbolea ya maji likaletwa uani. Mabaka ya namna hiyo yanafuata nyayo za mpulizaji. Ukiona ugonjwa unaotembea kwa mistari iliyonyooka, tafuta mtu.

Nitatambuaje mwenyewe, bila maabara?

Amka mapema. Saa kumi na mbili asubuhi, umande ungali chini, ndiyo saa ya kumwona mwizi akiwa kazini. Saa nne jua limeshakausha kila kitu, na unachoona ni maiti tu.

Usiende katikati ya baka, nenda ukingoni, pale ugonjwa unapokutana na uzima. Piga magoti. Chukua kioo cha kukuzia mara kumi, kile cha mafundi saa kinatosha, kisha ung'oe majani kumi au kumi na tano yanayougua nusunusu. Sasa tazama doa lenyewe. Kati lina rangi gani? Pembeni kuna mstari? Lilianzia ncha ya jani au tumboni? Doa la mviringo mrefu lenye kijivu katikati na ukingo wa kahawia ni habari moja. Jani lililobanwa katikati na utepe wa rangi ya majani makavu unaokata upana wote, huku juu na chini bado kijani, ni habari nyingine kabisa.

Halafu vuta jani moja taratibu. Likikatika kwa shida, chini ni pazima. Likichomoka kama uzi kwenye siagi, angalia lilipotoka, pale jani linapokumbatia shina linalotambaa. Pakiwa pameoza, pa kahawia na panateleza, ugonjwa umekaa kwenye shingo ya mmea, na majani ya njano unayoyaona juu ni matokeo.

Mwisho, chimba kipande chenye mizizi. Watu wanaacha hatua hii kwa kuogopa kuharibu uwanja. Mizizi myeupe ni mizima. Mizizi mifupi iliyooza, yenye nyuzi nyeusi zinazotambaa juu yake, inakuambia kwamba kupuliza majani ni kupaka rangi nyumba yenye msingi uliooza.

Asubuhi naona utando mweupe juu ya majani. Ni fangasi au buibui?

Buibui hutandika shuka juu ya ncha za majani, na mara nyingi ana kitundu cha kujifichia. Nyuzi za kuvu, ndiyo hiyo fangasi, zimo ndani, zimeshikana jani kwa jani kama pamba iliyochambuliwa, na jua likitoka zinanywea mpaka unadhani uliota. Ukiwa na shaka, weka majani machache juu ya karatasi yenye unyevu kidogo, funga kwenye mfuko wa plastiki, acha kivulini usiku mmoja. Kuvu litaongezeka. Utando wa buibui utabaki ulivyo.

Unga wa kijivu au mweusi unaofutika kwa kidole ukaacha jani zima chini yake si ugonjwa. Ni ute fulani unaopanda juu ya majani kupumzika baada ya mvua, na hauyali. Uoshe na mpira wa maji, basi. Unga wa rangi ya machungwa unaobaki kwenye viatu ndio kutu, na hiyo ni kuvu kweli. Huwa naiona zaidi kwenye majani yenye njaa ya mbolea chini ya miembe.

Magonjwa gani hasa yanashika nyasi hizi za joto?

Nyasi hizi zinakua vizuri kwenye nyuzi joto 27 hadi 35, kwa hiyo Mtwara kwao ni kwao. Bahati mbaya wapo kuvu wengi wenye kupenda hali hiyohiyo.

Ukoka na paspalamu zikinyimwa mbolea hupata madoa madogo ya mviringo, kila moja kubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi 200, yenye rangi ya majani makavu. Wamarekani waliupa ugonjwa huu jina la sarafu yao ya dola. Kwenye jani moja ndipo utaona ule utepe unaokata katikati niliousema. Zoisia na nyasi za kapeti hupata baka kubwa, hata la mita moja na zaidi, lenye ukingo wa rangi ya machungwa, na majani yake ndiyo yale yanayochomoka kirahisi shingoni. Hilo ni la kuvu aitwaye Raizoktonia, naye hupenda hewa iliyopoa kidogo na yenye unyevu, si jua kali. Nyasi za Pemba, ambazo ni ndugu wa zile Wamarekani wanaziita za Mtakatifu Agustino, hupata doa la kijivu la kuvu aitwaye Pirikularia wakati wa joto na mvua, hasa ukiwa umezishibisha Urea.

Angalia hapo: ugonjwa mmoja unaletwa na njaa, mwingine na shibe. Ndiyo maana nikiulizwa kwa simu "niongeze mbolea?" huwa sijibu.

Kuna pia Pithiamu, anayeozesha majani yakawa kama yamepakwa mafuta, akifuata mkondo wa maji uani. Tunamwita fangasi kwa mazoea, lakini kwa nasaba si kuvu wa kweli, na dawa nyingi za kuvu hazimgusi. Uyoga unaoota kwa duara baada ya mvua nao ni kuvu anayekula mabaki ya mizizi na miti chini ya udongo. Mara nyingi kisiki kilichofukiwa na mjenzi ndicho kinachomlisha.

Nimelinganisha na picha za kwenye simu, inafanana kabisa na ugonjwa wa "kufa majira ya machipuko". Sawa?

Si sawa. Ugonjwa huo upo na unaumiza ukoka, lakini huonekana pale nyasi zinapolala kwa baridi kisha zikaamka na mabaka yaliyokufa. Hata usiku wa Julai, kipupwe kikiwa kimeshika, Mtwara haipati baridi ya kulaza ukoka. Picha hizo nyingi zimepigwa kwenye viwanja vya gofu vya Marekani, majani yamekatwa chini ya nusu inchi, na kalenda yao ina misimu minne. Yetu ina mvua za kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, halafu ukavu. Picha zitumie kujifunza cha kutazama, jina usiliokote humo.

Nina salfa imebaki ya mikorosho. Niipulize?

Swali hili ndilo la kwetu hasa, na ndilo lililonisukuma kuandika. Mtu wa Kusini akisikia "ukungu" mkono unakwenda kwenye mfuko wa salfa wenyewe. Simlaumu. Ubwiriunga uliponyausha mikorosho yetu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, salfa ya unga ndiyo iliyorudisha korosho mtini. Tumekua tukiona wazee wakiamka usiku wa manane ili blowa, mashine ya kupulizia, ifanye kazi kabla upepo haujaamka.

Lakini ubwiriunga ni kuvu anayekaa juu ya jani na ua, nje, pale salfa inapomfikia. Kuvu wa shingoni na mizizini yuko ndani na chini. Tena salfa ikipata joto la nyuzi 32 na zaidi inaunguza jani, na ikirundikana inaongeza tindikali kwenye udongo.

Nilijifunza kwa aibu. Nyumba moja ya wageni karibu na bahari iliniita mwezi wa Februari, mabaka ya duara, mwenyewe ana wageni wa harusi Jumamosi. Sikuchimba, sikuvuta jani, nilikuwa na haraka ya hela. Nikapuliza salfa saa tatu asubuhi. Jioni ile uwanja ulikuwa na rangi ya kanda la ukili, na yale mabaka ya mwanzo yalipotea kweli, kwa kuwa kote palikuwa baka. Mwenye nyumba hakunifokea, alinitazama tu, na pesa sikuidai. Wiki mbili baadaye nikachimba. Chini kulikuwa na mifuko ya saruji iliyoganda, imefukiwa na mafundi. Ugonjwa haukuwepo.

Kwa hiyo lini ugonjwa unaitwa "mpya"?

Neno "mpya" lina maana nne, na watu wanazichanganya. Kuna mpya kwako, kwa sababu mwaka jana hukuwa na uwanja. Kuna mpya kwa nchi: kuvu anajulikana kwingine, kaingia na miche au udongo. Kuna mpya kwa mmea: alikuwa kwenye nyasi ya aina hii, sasa kahamia nyingine. Na kuna mpya kwa sayansi, ambaye hajawahi kupewa jina popote. Simu ninazopigiwa karibu zote ni za maana ya kwanza.

Maana ya tatu ndiyo ya kuitazama kwa makini. Huyo Pirikularia ni wa ukoo uleule unaochoma mpunga. Mwaka 1985 huko Brazil akaonekana kwenye ngano, zao ambalo hakuwa akijulikana kulishika. Mwaka 2016 akafika Bangladesh, na baadaye akathibitishwa kwa majirani zetu Zambia. Magugu ya jamii ya nyasi yanaweza kumhifadhi, kwa hiyo uwanja wa nyasi na shamba la nafaka si dunia mbili.

Na jina lenyewe halikai mahali pamoja. Yule kuvu wa madoa ya sarafu alipewa jina la Sclerotinia homoeocarpa mwaka 1937. Wataalamu walinung'unika miaka yote kwamba ukoo haumfai, mpaka mwaka 2018 vinasaba vilipoonyesha ni ukoo wa peke yake, ukaitwa Clarireedia, ukagawanywa katika spishi kadhaa. Anayeshika nyasi za joto kama ukoka ni Clarireedia monteithiana. Anayeshika nyasi za nchi za baridi ni mwingine. Miaka 81 kupata jina, na muda wote huo doa uani lilikuwa lilelile.

Kwa Kusini tunao mfano wa karibu. Mwaka 2012, Mkuranga mkoani Pwani, mikorosho ilianza kunyauka tawi moja moja kisha mti mzima. Wengine walidhani ukame, wengine mchwa. Watafiti walipochunguza walimkuta kuvu wa udongoni, Fuzari. Kitu kipya huanza hivyo: mti unakufa kwa namna ambayo wazee wa kijiji hawaitambui, na kuna mtu anaacha kubahatisha.

Maabara wamekuta kuvu kwenye majani yangu, lakini hawataki kusema ndiye. Kwa nini?

Kwa sababu waliokuja msibani si lazima wawe wauaji. Jani likifa kwa sababu yoyote, kuvu wala-mizoga wanafika ndani ya siku chache. Kurvularia ni mfano mzuri: anakutwa mara kwa mara kwenye jani lililodhoofika, na pengine alikuta jua na kiu vimeshamaliza kazi.

Kumtia hatiani kuna utaratibu wa tangu karne ya 19, unaohusishwa na Robert Koch, Mjerumani ambaye aliwahi kufanya utafiti hata huku Afrika Mashariki. Kuvu akutwe kwenye mimea inayougua. Atengwe, akuzwe peke yake kwenye kisahani. Apandikizwe kwenye nyasi nzima, nazo ziugue vilevile. Kisha atolewe tena kwenye nyasi hizo, awe yuleyule. Siku hizi huongezwa kusoma vinasaba vyake, na kipande kinachotumika sana kwa kuvu, ITS, kilikubaliwa rasmi mwaka 2012 kuwa kitambulisho chao. Tahadhari ni kwamba kipande hicho peke yake hakitenganishi ndugu wa karibu, kwa hiyo wanasoma na vingine. Hayo yote ni wiki, pengine miezi. Anayekupa jina la ugonjwa mpya dakika tano baada ya kufika getini anakuuzia kitu.

Sampuli ichukuliwe vipi?

Kabla ya dawa yoyote. Ukishapuliza, kuvu hakui tena maabara na umelipa nauli bure.

Kata kipande cha upana wa kiganja, nusu kigonjwa nusu kizima, kina cha sentimita saba hivi, na udongo na mizizi yake. Chukua viwili au vitatu kutoka mabaka tofauti. Usikiongezee maji. Funga udongo kwa gazeti ili usimwagikie majani, kisha weka kwenye boksi. Plastiki iliyofungwa kwenye basi la kutwa nzima inageuza sampuli kuwa mchuzi. Safirisha Jumatatu, isilale mahali wikiendi nzima. Weka na karatasi: aina ya nyasi, ilianza lini, ulimwagilia saa ngapi, mbolea gani, dawa gani, na picha mbili, moja ya uwanja wote na moja ya jani kwa karibu.

Anza na afisa kilimo wa kata yako. Kituo cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kipo Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, ingawa kazi yake kubwa ni korosho na mazao ya shamba, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kabla ya kubeba udongo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao makuu Arusha, ndiyo inayopaswa kujua ikiwa kweli kuna kitu kigeni kimeingia nchini.

Ule mnyauko wa mikorosho unaweza kuhamia kwenye ukoka?

Fuzari wa aina hiyo huwa na mmea wake, na ukoka si mkorosho. Ninachoogopa ni kinyume chake: jembe na viatu vyenye udongo wa shamba linalougua, vikaja mjini, vikarudi shamba lingine. Osha zana.

Nitumie dawa gani, basi?

Ile iliyosajiliwa na TPHPA, ambayo lebo yake inataja ugonjwa uliothibitisha, kwa kipimo cha lebo. Usirudie kundi moja la dawa mara tatu mfululizo, kwani kuvu hujifunza. Kubadilisha jina la chupa hakutoshi kama kiini ni kilekile, soma maandishi madogo. Glavu na barakoa vaa hata kama uwanja ni mdogo.

Kabla ya hapo, hamisha saa ya kumwagilia. Wengi hapa wanamwagilia jioni wakitoka kazini, jani linalala limelowa kwa muda wa saa kumi na mbili nzima. Mwagilia alfajiri. Punguza tawi la mwembe upepo upite. Noa kisu. Usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, na anza na upande mzima, malizia na unaougua. Nusu ya wateja wangu hawakunihitaji tena baada ya hayo, na sijui kama ni jambo la kujisifia.

Majani niliyokata naweza kumpa mbuzi?

Kama hayajapulizwa kitu chochote, mpe yangali mabichi. Yakirundikwa yakaota ukungu na kuvunda, usimpe. Yakiwa yamepulizwa, soma lebo. Isiposema kitu juu ya mifugo, chukulia kwamba imekataa. Na mwambie kijana wa jirani anayekuja na kiroba bila kuuliza.